Mchezo, zawadi au lazima: njia tatu za kumfundisha mbwa mchanga kuleta

Mbwa mwenye damu ya kuwinda hukifuata kitu kilichorushwa bila kufundishwa na mtu. Kinachowasumbua wafugaji wa Nakuru, Njoro na kule Kisumu ni yanayofuata: mbwa anaokota kifurushi, anageuka, anakuja mbio, halafu akibakiza hatua tatu kukufikia anakuzunguka, anakitema kwenye nyasi au anaingia nacho chini ya gari. Mbwa wa kutegemewa ni yule anayezimaliza hizo hatua tatu kila mara, hata siku ambayo hana hamu. Kwa hiyo njia tatu ninazolinganisha hapa nitazipima zaidi kwa mwisho wa kazi kuliko mwanzo wake.

Sheria kwanza, maana wengine husikia "mbwa wa kuwinda" wakafikiria msituni. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamwadhibu hata anayewinda kwa ajili ya kitoweo. Sungura wa porini, kanga na kware wa mashambani hawaguswi. Mazoezi yote ninayoyaeleza ni ya vifurushi: kitambaa cha turubai kilichoshonwa kama mto mdogo, kikajazwa maranda ya fundi seremala, uzito wa robo kilo kwa mbwa mchanga na karibu nusu kilo akikomaa. Mbwa hapotezi kitu. Awe Labrador, spanieli, pointa wa Kijerumani au chotara wao, anachotamani ni kutafuta, kubeba na kupokewa vizuri.

Vigezo vya kupimia

Nimechagua vitano, na nitavirudia kwa kila njia. Cha kwanza ni umri na meno. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni. Huanza kung'oka karibu na mwezi wa nne, na kufikia mwezi wa saba hivi huwa ameota 42 ya ukubwani. Katikati hapo fizi zinauma, na kila unachomlazimisha kushika anakihusisha na maumivu. Cha pili ni muda na gharama. Cha tatu ni mdomo: je, njia hiyo humfanya ashike kwa ulaini, au atafune na kung'ang'ania? Cha nne, ambacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni siku asipotaka: unafanya nini? Cha tano ni gharama ya kosa lako wewe mwalimu. Sote hukosea, ila kosa la njia moja hurekebishwa kwa siku chache, na la nyingine hukaa na mbwa maisha yake yote.

Njia ya kwanza: mchezo

Njia hii hutumia alichozaliwa nacho. Mnyama mwindaji hutafuta, hunyemelea, hufukuza, hukamata, huua, kisha hula. Waliozalisha mbwa wa kuleta waliwachagua, kizazi baada ya kizazi, wale waliopenda kukamata na kubeba bila kuuma. Kazi yako ni kuilinda hamu hiyo isiharibike.

Chukua soksi ya mitumba, ipige fundo. Keti upande wa korido lilipo tandiko lake, milango mingine yote ifungwe. Irushe mita mbili. Akiiokota, njia ya kurudi ni moja tu na inapita kwako. Akifika, usiiguse soksi. Mkono mmoja upitishe kifuani pake, wa pili umkune mgongoni karibu na mkia, umsifu akiwa bado ameshika. Hesabu polepole hadi tano. Ndipo uweke kiganja chini ya kidevu chake useme "Achia". Mtoto wa mbwa anayenyang'anywa kila anapofika hujifunza kwamba kufika ni hasara, na si muda mrefu utamwona ameanza kusimama mbali akikuangalia kwa pembe ya jicho. Wengi wanaolalamika kwamba mbwa wao "ni mwizi" wamemfundisha wizi huo kwa mikono yao ya haraka.

Umri: anza tangu wiki ya nane. Meno yakianza kung'oka, punguza sana, tumia vitu laini tu, na usisite kuacha kabisa kwa wiki kadhaa.

Muda na gharama: dakika tatu kwa siku zinatosha. Rusha mara tatu au nne, kisha acha angali anataka. Ukihamia uani, mfungie kamba nyepesi ya mita kumi ya kuburuta. Hiyo ni manila ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi.

Mdomo: huwa laini, mradi nyumba nzima ikubaliane. Watoto wakivutana naye soksi ileile jioni, asubuhi atakung'ang'ania nayo wewe. Kitu cha kuleta kiwe na mahali pake juu ya kabati, kitoke wakati wa mazoezi tu.

Siku asipotaka: hapa ndipo penye udhaifu. Mchezo huisha mchezaji anapochoka. Jua likiwaka, harufu ya mbuzi ikipita, au jike la jirani likiwa kwenye joto la kutaka dume, neno "Leta" kwake ni mwaliko tu, na mwaliko hukataliwa. Dalili nyingine utaiona kando ya maji: mbwa anatoka bwawani, anakiangusha kifurushi ukingoni ajikung'ute, na kumbe hajawahi kufundishwa kwamba kushika kunaendelea mpaka aambiwe aachie.

Gharama ya kosa: ndogo. Ukirusha mara nyingi mno, atachoka. Pumzika siku mbili na hamu itarudi. Kosa moja tu hapa ni ghali, nalo ni kumkimbiza. Ukishamkimbiza mara kadhaa, mchezo umegeuka wa kufukuzana, na anayeshinda ni mwenye miguu minne. Akikimbia na kitu, mpe mgongo, ondoka mbio upande wa pili ukiita kwa furaha.

Inamfaa: mwenye mtoto wa mbwa wa chini ya miezi minne, na mwenye mbwa ambaye tayari anapenda kubeba viatu nyumba nzima.

Njia ya pili: kuunda tendo kwa zawadi, kuanzia mwisho

Hapa unaanza na kukabidhi, unarudi nyuma hatua kwa hatua, na kurusha kunakuja mwisho kabisa. Unahitaji alama ya sauti inayomwambia mbwa "hapo hapo umepatia". Wengine hutumia klika, kile kidude cha kubonyeza kinacholia "tak". Kilienea kwa wafugaji wa mbwa wa Marekani miaka ya 1990, na Karen Pryor, aliyekuwa amefundisha pomboo kule Hawaii, ndiye aliyechangia sana kukieneza. Huna klika? Neno fupi kama "Ndiyo!" linafanya kazi ileile, mradi ulitamke kwa sauti moja kila mara.

Shika kifurushi usawa wa mdomo wake. Akikitazama: "Ndiyo!", kipande cha maini. Akikigusa kwa pua: "Ndiyo!", zawadi. Kisha subiri afungue mdomo kidogo. Kisha ashike nukta moja, mbili, tano. Akiweza kushika akiwa ameketi, mfanye atembee hatua mbili akiwa ameshika, maana mbwa wengi hutema mara tu miguu inapoanza kwenda. Halafu kifurushi kishuke: kiganjani, gotini, juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini. Mwishowe kiwekwe mita moja, tatu, kumi. Siku unapokirusha kwa mara ya kwanza, mbwa tayari anajua safari yake inaishia wapi.

Kuna makosa mawili yanayowakwamisha karibu wote. La kwanza ni kutoa alama mbwa anapotema badala ya anaposhika. Baada ya siku chache unakuwa na mbwa stadi wa kutema. La pili ni mfuko wa suruali. Mkono ukisogea kuelekea kwenye maini, mdomo unafunguka na kifurushi kinaanguka. Dawa yake ni kuweka zawadi kwenye kopo juu ya ukuta au dirishani. Toa alama kwanza, pokea kifurushi kwa mikono miwili, ndipo muende pamoja kwenye kopo. Kisumu na Homa Bay wengi watatumia omena aliyekaushwa, na anafaa kabisa: ni mwepesi, hachafui mikono sana, na harufu yake humwita mbwa hata upepo ukivuma.

Umri: kugusa kwa pua kunaweza kuanza mapema, lakini kushika kusubiri meno ya ukubwani, karibu mwezi wa saba.

Muda na gharama: dakika tano asubuhi na tano jioni, kwa wiki nyingi. Hii si njia ya mwenye haraka. Kifedha, robo ya maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi huenda siku kadhaa kwenye friji. Toa kiasi hicho kwenye chakula chake cha siku.

Mdomo: hii ndiyo njia ninayoiamini zaidi kwa mdomo laini, kwa sababu unaweza kuzawadia namna anavyoshika. Akitafuna, hakuna alama. Akitulia, ipo.

Siku asipotaka: una pa kurudi. Unafupisha umbali, unarudi kwenye ndoo, unamkumbusha. Hata hivyo mbwa aliyewaka kwa msisimko uwanjani anaweza kuyadharau maini kabisa. Ndiyo maana, akishajua kazi, zawadi kubwa igeuke kuwa kurushiwa tena. Wanaosahau hatua hiyo hubaki na mbwa anayeleta vizuri jikoni na kupotea shambani.

Gharama ya kosa: muda tu. Ukikosea, unarudi hatua mbili na mbwa hana kinyongo.

Inamfaa: mwenye subira, mwenye mbwa mwoga au aliyewahi kupigwa, mwenye mbwa anayependa chakula kuliko mpira, na mwenye mbwa mkubwa ambaye hajawahi kubeba kitu.

Njia ya tatu: lazima

Katika njia hii mbwa hufundishwa kwamba kushika kunaondoa adha. Kwanza anazoeshwa kukaa na kifurushi mdomoni. Kisha mwalimu anabana sikio au kidole cha mguu, na kubana kunakoma nukta ileile mbwa anaposhika. Polepole kifurushi kinasogezwa mbali, mpaka amri peke yake inatosha. Baadhi huongeza kola ya umeme.

Nitaieleza kwa haki, kwa kuwa ina watu wanaoiheshimu na wana sababu zao. Marekani, wakufunzi wengi wa mbwa wa mashindano ya kuleta huiona ndiyo msingi wa kazi yote ya baadaye: mbwa anaelewa kwamba amri si ombi, na akisita majini au kwenye miiba mwalimu anajua la kufanya. Uingereza, desturi ya wengi imekuwa kumchagua mbwa mwenye hamu ya asili na kutomlazimisha. Wales ilipiga marufuku kola za umeme mwaka 2010. Na mwaka 2021, AVSAB, chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulika na tabia za wanyama, kilishauri mbwa wote wafundishwe kwa zawadi.

Umri: baada ya meno yote kuota na baada ya kujua "Kaa" na "Njoo" bila shaka. Chini ya miezi saba, hapana.

Muda na gharama: mtaalamu anaweza kuikamilisha kwa wiki chache. Tatizo ni kumpata huyo mtaalamu. Walimu wa mbwa ambao wengi wetu tunawafahamu wamezoea mbwa wa ulinzi, na kumfundisha mbwa kuuma mkono wenye gunia ni kazi tofauti kabisa na hii.

Mdomo: ikifanywa vizuri, mbwa hushika imara bila kutafuna. Ikifanywa vibaya, hubana kwa woga na kuharibu anachobeba.

Siku asipotaka: hapa ndipo inapojidai, na kwa mkono wa mjuzi haijidai bure.

Gharama ya kosa: kubwa mno. Kuchelewa kuachia sikio kidogo tu kunamfundisha kwamba kifurushi ndicho kinachouma, au kwamba wewe ndiwe unayeuma. Nimeona mbwa akijikunyata kwa kuona tu turubai likitolewa kwenye mfuko, na hamu ile aliyozaliwa nayo haikurudi. Isitoshe, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haimwachi mtu anayemtesa mnyama kwa kisingizio cha mafunzo.

Inamfaa: mwenye mbwa shupavu aliyekomaa, chini ya mwalimu aliyewafundisha mbwa wengi wa kuleta na ambaye umewaona wakifanya kazi mikia ikichezacheza. Ukiwa unajifunza kupitia video, peke yako uani, mimi nasema usiijaribu.

Yanayokuhusu uchague njia yoyote

Joto la Kisumu si la Njoro. Kisumu fanya mazoezi kabla ya saa mbili asubuhi au jua likishatua. Mbwa anayehema mdomo wazi hawezi kushika kitu kwa utulivu, na atakitema hata kama amefundishwa na bingwa. Njoro na Molo shida ni umande na baridi, ila mashamba ya ngano yaliyovunwa ni uwanja mzuri sana, mabua yakiwa mafupi na upepo ukileta harufu. Omba ruhusa ya mwenye shamba. Msalimie kwanza mzee mwenyewe, mwonyeshe kamba, mwambie mbwa hataachiwa karibu na kuku wake. Jirani akikuamini, umepata uwanja wa miaka.

Majini, kuwa mwangalifu. Ziwa Victoria lina mamba na viboko, na wewe ukiingia kumsaidia mbwa unaweza kutoka na kichocho. Naivasha pia kuna viboko. Hifadhi ya Ziwa Nakuru hairuhusu mbwa kabisa. Tafuta bwawa dogo la shamba ambalo mwenyewe analijua vizuri, lenye ukingo wa kushuka taratibu.

Kabla ya kutoka nje ya ua, kamilisha chanjo, na ya kichaa cha mbwa apewe tangu miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Baada ya kila zoezi la shambani mkague kupe: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Mbwa anayeanza kukataa kuleta ghafla, bila sababu, mara nyingi ana homa ya kupe au mwiba mguuni. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hujabadilisha njia ya mafunzo.

Na akizoea turubai, mzoeshe manyoya: bata akichinjwa nyumbani, kausha mabawa yake uyafunge kwenye kifurushi kwa uzi. Usimfundishie kuku hai. Mbwa hatofautishi kuku wa mazoezi na wa mama jirani.

Uamue vipi

Tazama kazi inakatikia wapi. Andika mwenendo wake kwa siku tatu: anatoka mbio? anaokota? anarudi? anakabidhi?

Ana wiki kumi na anabeba kila kitu: mchezo, koridoni, na mikono yako iwe na subira. Usimharakishe.

Ana miezi mitano, fizi zinavuja damu na ameanza kukataa: pumzika. Mfundishe "Kaa", "Njoo" na kuitikia filimbi. Kuleta kutasubiri.

Ana mwaka mmoja, anakimbia vizuri na kurudi vizuri, lakini anatema hatua tatu kabla: njia ya pili, kwa ajili ya kushika na kukabidhi peke yake. Endelea na mchezo kwa ile sehemu ya mbio. Hakuna sheria inayokataza kuchanganya hizi mbili, na mbwa wengi wazuri ninaowafahamu wamelelewa kwa mchanganyiko huo.

Haokoti kabisa, ananusa na kuondoka: njia ya pili tangu mwanzo, kwa chakula anachokipenda sana, na ukubali kwamba itachukua miezi.

Ana miaka miwili, ana nguvu, anajua kazi yote na bado anachagua siku za kufanya: kwanza jaribu kubadilisha zawadi, kutoka maini kwenda kurushiwa tena. Ikishindikana na unataka kumpeleka kwenye mashindano, mwalimu wa njia ya tatu anaweza kuwa jibu. Nenda ukamtazame akifanya kazi na mbwa wa watu wengine kabla ya kumkabidhi wako, na uwepo mwenyewe siku za kwanza.

Anatafuna na kupasua: ficha vitu vyake vyote, simamisha kurusha, rudi kwenye kushika nukta moja ukiwa umeketi naye sakafuni. Tumia kifurushi kipya cha kitambaa kigumu, kisicho na harufu ya kile alichokwisha kukirarua.